Watoto 74, uwanja wa vumbi, hakuna spika: nawafundishaje Darasa la Pili kucheza?

Swali limetoka kwa mwalimu wa Darasa la Pili huko Muheza. Kwa kifupi anasema amepewa somo la Utamaduni, Sanaa na Michezo, ana watoto 74, kipindi ni dakika 30, hana ukumbi wala spika, ana uwanja wa vumbi na mwembe mmoja. Kila akisema "haya tucheze" inakuwa vurugu: wavulana wanasukumana, wasichana wachache wanakata kiuno kama walivyoona kwenye simu, waliobaki wamesimama pembeni wanacheka. Mkuu wa shule anataka watoto waonyeshe kitu siku ya kufunga shule. Mzazi mmoja kashakuja kulalamika kwamba mwanae anafundishwa uhuni. Anauliza pia atawapima vipi. Alafu mwishoni anamalizia, "na mimi mwenyewe kucheza sijui, sasa nitamfundisha nani?"

Habari mwalimu, pole na kazi.

Nianze na hilo la mwisho maana naona ndo linalokutisha kuliko yote. Kutokujua kucheza sio shida hapa. Tena kiukweli walimu wanaojua sana kucheza ndo mara nyingi wanakiharibu hiki kipindi, mtu anasimama mbele anamwaga staili, watoto kumi wa mbele wanaiga, sitini wa nyuma hawaoni kitu kwa iyo wanaanza kupigana vikumbo, na yeye anadhani hawana adabu. Mtoto wa miaka saba au nane hana haja na staili zako. Anataka kitendo cha kufanya, mipaka ya kukifanyia, na breki. Ukimwambia "cheza" hujampa kitu, hata wewe nikikwambia sasa hivi simama ucheze utaona aibu au utarudia kile kimoja ulichokiona kwenye harusi ya juzi, na ndo hicho hicho wanachofanya hao wasichana wako wa kiuno, hawana kingine cha kutoa. Lakini mwambie "chuma chungwa lililo juu kabisa, alafu chuma lingine lililo chini ya goti lako, mguu wa kushoto usiondoke pale ulipo." Umeona? Hapo mwili umepewa swali, na hakuna mtoto wa Muheza ambaye hajui chungwa linachumwaje.

Sasa tuanze na breki, maana bila breki hayo mengine yote hayaendi.

Kipindi cha kwanza, na ikibidi cha pili na cha tatu, usifundishe kitu kingine chochote zaidi ya kuganda. Tafuta ndoo ya plastiki, igeuze, piga kwa fimbo mbili. Ndoo ikilia wanatembea, ikinyamaza wanaganda pale pale walipo, na mguu kama ulikuwa hewani unajitahidi kubaki hewani. Macho nayo yanaganda. Tabasamu linaganda. Wakishaweza kutembea na kuganda, watembee kinyumenyume na kuganda, watembee wakiwa wamechuchumaa, wakimbie kwa vidole bila kutoa sauti. Utashangaa jinsi wanavyoupenda huo mchezo, wataomba kuurudia wiki nzima.

Filimbi iache ofisini. Filimbi wanaijua ya mchakamchaka na ya mpira, ikilia kwao maana yake ni kukimbia, alafu kuna jambo jingine ambalo watu hawaliangalii: filimbi inamfikia hata asiyesikiliza, inamchoma tu sikio, ila ndoo iliyonyamaza inamfikia yule aliyekuwa anaisikiliza peke yake. Ukiwazoesha kusimama kwa kimya umewazoesha kusikiliza bila kupiga kelele hata mara moja, na faida yake utaiona mpaka kwenye kipindi cha kusoma.

Mipaka nayo iwe ya kuonekana kwa macho. Usiseme "msiende mbali", mbali ni wapi? Mwaga majivu au chora na chokaa, au waambie wavue viatu na kandambili wazipange zifanye mstari wa uwanja, hapo umepata mpaka na umepata watoto walio peku kwa mpigo mmoja (kama uwanja hauna miiba na chupa, angalia kwanza wewe mwenyewe asubuhi, usimtume mtoto). Ndani ya mpaka kila mmoja anatafuta nafasi yake: nyoosha mikono, zunguka polepole, ukigusa mtu sogea.

Na hao 74 usiwachezeshe wote kwa pamoja. Wagawe nusu kwa nusu. Nusu wanacheza, nusu ni bendi, wamekaa chini kwenye kivuli cha mwembe wanapiga makofi au wanapiga kidumu au wanagonga mawe mawili. Badilisha kila dakika mbili hivi, usisubiri wachoke. Hiyo bendi ndo spika yako. Na bendi ipe kazi ya macho, usiiache inatazama tu, waulize "nani kaganda akiwa chini kuliko wote?" au "tafuta watu wawili ambao hawafanani kabisa". Mtoto mwenye kazi ya kutazama hachekicheki ovyo. Hata lile kundi lako la pembeni linalocheka, kwa maoni yangu wala sio utovu wa nidhamu, wanacheka kwa sababu hawajaambiwa waangalie nini.

Haya, breki ipo, sasa unaendesha nini?

Kuna bwana mmoja anaitwa Rudolf Laban, alizaliwa mwaka 1879 katika mji ambao leo ni Bratislava, akafika Uingereza mwaka 1938, na mwaka 1948 akatoa kitabu kuhusu dansi shuleni ambacho kiliwafikia sana walimu wa shule za huko. Alichokifanya ni kuachana na habari ya staili akaanza kuuliza maswali kuhusu kitendo chenyewe. Kina nguvu au ni chepesi? Kinakuja ghafla au kinajivuta? Kinakwenda moja kwa moja au kinazungukazunguka? Kimebanwa au kimeachiwa kitiririke? Basi. Maswali manne tu, na kwa hayo manne kitendo kimoja kinakupa vipindi vya mwezi mzima.

Na usidhani ni mambo ya kizungu hayo. Wasukuma wana bugobogobo, watu wanacheza na majembe mikononi, imetoka shambani moja kwa moja. Mganda wa kule Ziwa Nyasa umetokana na watu kuangalia gwaride la askari wa kikoloni wakaligeuza kuwa ngoma yao, na mistari yake mpaka leo unaiona ya kijeshi. Yani ngoma zetu zenyewe nyingi zimeanza na kitendo cha watu, staili zikaja baadae. Wewe unamrudisha mtoto pale pale zilipoanzia.

Ngoja nikupe kipindi kimoja kizima uone kinavyokwenda, nachukua kutwanga.

Kila mtu ana kinu mbele yake na mchi mkononi, vyote vya kufikirika. Ndoo inalia taratibu, wanatwanga. Waangalie vizuri hapo mwanzo: karibu wote watatwanga kwa mikono, magoti yamenyooka, kichwa kinageuka kumwangalia jirani. Usiwaambie "kunja magoti". Simamisha ndoo, wakishaganda uliza, "hayo mahindi ni makavu kweli kweli, nguvu mnaitoa wapi?" Mmoja atasema mkononi, mwingine atasema tumboni, mwingine atajishika mgongo. Sawa, hebu tuone. Ndoo inaanza tena na utaona kitu kimebadilika, magoti yanashuka, visigino vinanyanyuka mchi ukipanda, na wengine wanaanza kutoa pumzi kwa nguvu kila mchi unapotua. Hujafundisha staili hata moja na mwili mzima unafanya kazi.

Sasa badilisha kitu kimoja, na nasema kimoja makusudi. Mchi umekuwa mzito, hata kuunyanyua ni shida. Ganda. Mchi umekuwa mwepesi, ukiuachia unapaa. Ganda. Mchi unashuka polepole, bendi inahesabu makofi manane ndo unafika chini. Ganda. Hapo kwenye polepole utawapoteza wengine, watoto wa umri huu polepole inawashinda kuliko haraka, misuli inatetemeka wanaona bora waanguke kabisa wacheke. Usiwagombeze, fanya fupi, makofi manne kwanza, rudi kesho yake na sita.

Alafu wawili wawili. Kinu kimoja, michi miwili. Mmoja akishuka mwenzie anapanda. Wakishuka wote kwa pamoja michi imegongana na unga umemwagika, wanaanza upya. Wengi wamewaona mama na shangazi wakifanya hivyo nyumbani kwa iyo huna haja ya kuelezea sana, na usishangae akatokea mmoja anayeurusha mchi juu anapiga kofi ndo anaudaka, huyo kamuona bibi yake. Msimamishe awaonyeshe wenzie. Kisha jaribu watatu kwenye kinu kimoja. Hapo sasa utasikia kimya cha ajabu maana kila mtu anamtazama mwenzie, na hao ni wavulana wale wale waliokuwa wanasukumana. Nguvu yao umeipa mahali pa kwenda.

Ukimaliza hapo waambie kila watatu watengeneze kitu chao: waanze wameganda, watwange kwa namna wanayotaka wao ila lazima kuwe na haraka na polepole, wamalize wameganda kwa umbo lingine. Dakika mbili za kupanga, basi. Ukiwapa kumi watagombana nani awe wa kati. Wakionyesha, umeshapata ngoma ina mwanzo, kati na mwisho, na wameitunga wao.

Kuna mambo ya umri uyajue ili usijilaumu bure wala usiwalaumu wao. Kuruka ile ya kupokezana miguu, hatua-ruka hatua-ruka, wengi inakaa sawa kati ya miaka sita na saba na wengine wanachelewa zaidi, kwa iyo Darasa la Pili utakuta bado wapo wanaokimbia kifarasi, mguu mmoja mbele wakati wote. Waache, watafika. Kulia na kushoto wanachanganya. Ukisimama ukiwatazama uso kwa uso, inua mkono wako wa kushoto huku ukisema "kulia", wakuone kama wanajitazama kwenye kioo, ukiinua wa kulia nusu ya darasa itainua wa kushoto na hawana kosa. Kuhesabu mpaka nane huku mwili unafanya kitu kingine kunawachanganya pia, wengi wanapotea kwenye tano, kwa iyo tumia maneno yenye mapigo: "chuma, chuma, tia kapuni". Mdomo ukisema, mguu unafuata.

Kupasha mwili usifanye ile ya kusimama mistari na kushika vidole vya miguu, inakula dakika kumi na hakuna anayejinyoosha kweli. Kuna mama wa Marekani anaitwa Anne Green Gilbert, alianzisha kituo cha dansi ya ubunifu pale Seattle mwaka 1981, yeye ana mpangilio wa hatua nane ambao mimi naupenda kwa sababu moja tu, unaugusa mwili mzima kwa dakika tano na hauhitaji kifaa chochote. Unaanza na pumzi, unavuta unatoa. Kisha kujigusa: kujipigapiga, kujisugua, kujibonyeza kuanzia kichwani mpaka nyayoni. Kisha kujikunja kuwa kadogo kabisa na kujitanua mpaka ncha za vidole. Kisha uti wa mgongo, kichwa na kiuno vinasogea, huku na huku, mbele na nyuma. Kisha nusu ya juu inacheza ya chini imetulia, alafu kinyume chake. Kisha upande mmoja wa mwili, upande wa pili umelala. Kisha msalaba, kiwiko cha kulia kwenye goti la kushoto na kinyume. Mwisho kuzunguka. Kuzunguka kuwe kidogo na upande mmoja kisha mwingine, na kama ni kipindi cha saa tano na unajua wapo waliokuja bila kunywa chai, kuzunguka kuache kabisa maana wataanguka. Mwezi wa Ramadhani Darasa la Pili wapo wanaojaribu kufunga, waulize taratibu, hao wawe bendi.

Kwenye suala la wavulana na kiuno. Wavulana wako hawachukii kucheza, wanachukia kuchekwa. Anza na vitendo vyenye uzito, kuruka na kutua, kusukuma ukuta ambao haupo, kuvuta kamba ya kufikirika, na kutua wafundishe watue bila sauti, magoti yamelegea, wageuze iwe mashindano ya nani hasikiki. Ukitaka mfano wa ngoma, pwani huku kuna kirumbizi, wanaume wawili na bakora zao wanazungukana huku zumari inalia, hakuna mvulana atakayekwambia hiyo ya wasichana. Bakora usiwape lakini! Mkono mtupu unatosha, na sharti la kutogusana lenyewe ndo somo. Mdumange wa Wasambaa uko hapo juu yenu tu Lushoto, mtafute mzee au mama anayeujua aje siku moja awaonyeshe, usijifanye unaujua kwa video.

Kiuno sasa. Chakacha ina mahali pake na ina watu wake, ni ngoma ya wanawake wakubwa kwenye harusi, na zipo ngoma zilizokaa karibu na unyago ambazo mtoto wa miaka saba hazimhusu. Huna haja ya kumkemea mtoto anayekata kiuno wala kumuonyesha kidole mbele za watu, kakiona kwenye simu ya dada yake anakirudisha tu. Mpe kazi nyingine inayoujaza mwili, basi, kitapotea chenyewe. Ndo maana pia nakushauri usitumie nyimbo za redioni hata ukipata spika. Kila wimbo unaovuma una staili yake na wanaijua kuliko wewe, ukiuwasha tu ubunifu umekwisha, darasa zima linafanya kitu kimoja. Singeli naipenda sana mimi binafsi, lakini inakwenda zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, mtoto hawezi kubadilisha chochote kwenye mwendo huo, anatetemeka tu. Iweke siku ya mwisho ya muhula kama zawadi.

Yule mzazi muite. Sio kumuita ofisini kujieleza, muite aje akae chini ya mwembe kipindi kimoja aone. Akikuta mwanae anatwanga, anahesabu, anaganda, hana cha kusema uhuni hapo. Na kuna mambo machache ukiyashika yanakulinda wewe pia: usimshike mtoto kumrekebisha mwili, mwambie kwa mdomo au onyesha kwenye mwili wako. Wasichana wavae kaptula au taiti ndani ya sketi ili kuchuchumaa kusiwe na wasiwasi. Wanaovaa hijabu wavae ile ya kuingiza kichwani moja kwa moja, pini ikifunguka wakati wa kuruka inaingia shingoni au kwenye jicho la jirani. Na video usirushe WhatsApp, hata kwenye grupu la wazazi, utashangaa inavyosafiri.

Anayegoma kabisa kucheza, muache agome ila asikae bure, mpe ndoo. Mara nyingi mtoto mwenye aibu akishapiga ndoo vipindi viwili vitatu anaanza kutikisa bega mwenyewe huku anapiga, hapo usimtangaze, jifanye hujaona. Mtoto anayetumia kiti cha magurudumu au mwenye mguu mbovu hahitaji zoezi lake la pembeni, kitendo ni kile kile, kutwanga kunafanyika kwa kukaa, kuchuma kunafanyika kwa kukaa, swali la nzito na nyepesi liko pale pale. Mwenye shida ya kusikia, pamoja na ndoo inua kitenge juu wakati wa kutembea na kishushe wakati wa kuganda, na bendi ikikaa karibu yake atayapata mapigo kwa kuwatazama mikono.

Siku ya kufunga shule ndo inaharibu walimu wengi, muhula mzima mtu kafundisha vizuri, zimebaki wiki tatu anaacha kila kitu anaanza kuwakaririsha "onyesho" kwa fimbo. Usifanye hivyo. Onyesho lako liko tayari ndani ya vipindi, unachofanya ni kuliunganisha. Kwa Muheza mimi ningefanya safari ya chungwa. Wanaingia wakiwa wamekunjwa chini, mbegu. Wanaota, polepole, hapo ndo unatumia yale makofi manane uliyowahangaisha nayo. Kundi moja linakuwa miti, kila mti na umbo lake, kundi la pili linachuma, juu, chini, nyuma ya mgongo, "chuma, chuma, tia kapuni". Kisha mstari mmoja mrefu wa kurushiana machungwa ya hewani kwenda kwenye lori, anayedaka lazima mwili uonyeshe uzito wake, na akitokea mmoja akaliangusha wote wanaganda wanamtazama, watazamaji watacheka hapo nakuhakikishia. Lori linaondoka, watoto kumi hivi wameshikana mabega wanapanda milima na kushuka, wanayumba kwenye kona.

Na mwisho kumenya. Unamjua yule muuza machungwa wa stendi, kisu chake hakitoki, anazungusha chungwa ganda linashuka refu bila kukatika? Sasa hilo ganda ni darasa zima. Watoto 73 wameshikana mikono wamejisokota kuzunguka mtoto mmoja aliye katikati, amekunjwa, amejificha. Yule wa nje kabisa anaanza kutembea, anavuta mstari unafunguka duara baada ya duara, sharti mkono usikatike. Mpaka wa mwisho anapoachia, na pale katikati anabaki yule mtoto mmoja, anasimama polepole anajitanua. Hakuna staili hapo hata moja ya kukariri, ni mambo waliyoyafanya muhula mzima, kwa iyo hata ukiwakosa watoto sita siku hiyo kwa malaria ngoma haiharibiki. Mazoezi ya huo msokoto yafanye kwa kutembea, kamwe wasikimbie, wakikimbia wa mwisho kwenye mstari anarushwa, na mwagia maji uwanja nusu saa kabla maana kwa vumbi hilo wazazi hawataona kitu.

Umeuliza pia utawapima vipi. Usiandike "anacheza vizuri", haina maana. Chagua watoto kumi tu kila kipindi uwaangalie kwa mambo matatu: ameganda ndoo iliponyamaza? ulipomwambia nzito na nyepesi, kulikuwa na tofauti unayoiona kwa macho? ameweza kurudia alichokitunga mwenyewe? Tiki tatu kwenye daftari. Kwa darasa lako, vipindi vinane umeshampitia kila mmoja.

Na ndoo, kwa kuwa najua utaniuliza: chukua ile ngumu ya rangi ya lita 20, sio ya kuchotea maji, ile laini haitoi sauti na ikipata jua mwezi mmoja inapasuka. Piga katikati upate sauti nzito ya kutembea, piga ukingoni upate nyepesi ya vidole. Fimbo za mwarobaini zinafaa, toa maganda, uzipake mafuta kidogo zisikuchome viganja. Anza Jumatatu na kuganda peke yake.